Saka ya Wataita na Maradhi ya Ubongo

Grace Harris, mwanaanthropolojia aliyekaa katika vilima vya Taita nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1950, alieleza katika makala yake ya mwaka 1957 habari za saka, pagao lililowashika hasa wanawake walioolewa, ambao mabega yao yalitetemeka, kichwa kikaenda huku na huku, macho yakafumbwa, na pengine mwili ukakakamaa na fahamu zikapotea. Ajabu zaidi ni kilicholiamsha: mlio wa garimoshi, harufu ya sigara, kuonekana kwa motokaa, yaani vitu vya ugenini ambavyo, tangu Reli ya Uganda ilipopita Voi mwishoni mwa karne ya 19, wanaume walivifikia kwa kazi za ujira, na wake zao wakabaki shambani wakivitamani. Tiba yake ilikuwa kumpa mgonjwa alichokitaka, au kumpigia ngoma naye acheze amevaa kofia ya kiume.

Mwaka 2007 Josep Dalmau na wenzake walibainisha maradhi ambayo ndani yake kinga ya mwili huushambulia ubongo wenyewe. Wagonjwa wake wengi ni wanawake vijana, nayo huanza kwa kuweweseka na kuona yasiyokuwapo, kisha degedege, kisha kuganda kama gogo. Wapo watakaoharakisha kusema kwamba saka ndiyo hiyo. Sikubaliani nao, kwa kuwa saka ilikwisha kwa ngoma na mwanamke akarejea kwenye jembe lake, na mahali pengine iliwapata karibu nusu ya walioolewa, ilhali maradhi ya Dalmau ni adimu, hudumu majuma na miezi, na huweza kuua.

Hata hivyo, pepo na maradhi ya ubongo bado huchanganywa: leo kijana aliyezaliwa na virusi vya UKIMWI akishikwa na degedege mjini Voi, jamaa huweza kudhani pepo, na tabibu hudhani kwanza kifua kikuu cha ubongo au ukungu wa kriptokoki, wala hakosei, maana hayo ndiyo ya kawaida. Lakini kinga iliyodhoofika, ikifufuliwa na dawa, pengine hurejea kwa ghadhabu na kuuvimbisha ubongo, hata kwa yule ambaye virusi havionekani tena katika damu yake. Tiba ya hali hiyo ni steroidi, dawa inayoishusha kinga hiyo hiyo, na kwa sababu hiyo maji ya uti wa mgongo hupimwa kwanza, ili wadudu wa maradhi mengine wasije wakafunguliwa mlango.