Mwethya na Darasa la Mbali: Hoja kutoka Makueni

Shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020 kutokana na janga la korona, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ilitegemea redio, runinga na mtandao kuwafikishia watoto masomo. Baadhi ya madarasa yalirudi Oktoba 12 mwaka huo, na mengine yote Januari 4, 2021. Tangu hapo mjadala umeegemea vifaa: nani alikuwa na runinga, nani alimudu bando. Ni mjadala wa haki, hasa katika kaunti kame kama Makueni. Hata hivyo, unamsahau mtoto wa viungani mwa mji wa Wote aliyekuwa na redio, akasikiliza kila kipindi, na asipatikane mtu wa kujua kama alielewa au alikwisha kukata tamaa.

Michael Moore, mtaalamu wa elimu ya masafa, alieleza zamani kwamba umbali kati ya mwalimu na mwanafunzi haupimwi kwa kilomita. Hupungua mazungumzo yanapoongezeka, na hukua pale somo lisipoweza kugeuzwa kumfuata anayejifunza. Kwa kipimo hicho, kipindi cha redio kinachowahutubia watoto wa nchi nzima ndicho darasa la mbali kuliko yote, hata redio ikiwa mezani.

Kuhusu namna ya kuupunguza umbali huo, Ukambani, eneo ambamo Makueni imo, kuna mfano wa jumuiya inayofanya kazi: mwethya. Majirani hulima au huchimba matuta katika shamba la mmoja, kesho la mwingine. Kila mtu ana zamu yake, na asiyefika huulizwa habari zake. Historia yake ina onyo pia. Katika Wilaya ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992, serikali ya kikoloni ililazimisha watu kuchimba matuta, na watu wakaichukia kazi hiyo. Ilishika kasi katika miaka ya 1950, vikundi vya mwethya vilipoanza kujichagulia viongozi na kuamua shamba la kuanzia.

Ninachodai ni kwamba darasa la mbali lijengwe hivyo. Kundi moja la WhatsApp lenye wanafunzi themanini, mwalimu akituma faili na wao wakijibu "asante mwalimu", ni ubao wa matangazo tu. Wagawanywe watano watano, wajichagulie kiongozi, wapokezane zamu ya kueleza somo. Kiongozi awe na wajibu mmoja usiokwepeka: kumtafuta aliyenyamaza. Kwa hili simu ndogo ya vitufe (kabambe) inatosha, kwa kuwa ujumbe mfupi na simu ya sauti havihitaji bando.

Yapo mapingamizi, na lililo zito zaidi ni kwamba mwethya hutegemea ujirani, ilhali, kwa mfano, wanafunzi wa chuo cha ufundi mjini Wote hutoka kaunti mbalimbali. Nalikubali. Ndiyo maana wiki ya kwanza, pale inapowezekana, itumike ana kwa ana, wanafunzi wajuane kwa majina na kwa shida zao kabla ya kutawanyika. Kuifidia wiki hiyo baadaye kwa njia ya simu ni kazi ngumu mno.

Kwa upande wa mwalimu, kumpigia kila mwanafunzi walau mara moja kwa muhula kuhesabiwe kuwa kipindi katika ratiba yake, badala ya kuachiwa wema wake. Na muda wa maongezi ulipiwe na shule, kama chaki inavyolipiwa.