Nani Alimruhusu Mgeni Kusema Kikantoni

Kila anayeanza kujifunza Kikantoni huonywa mapema kuhusu toni. Silabi moja, si, ikitamkwa kwa namna sita za kupanda, kushuka na kunyooka, humpa msikilizaji maneno sita yasiyohusiana, na miongoni mwao yamo shairi, historia, soko na wakati. Onyo hilo ni la kweli. Ila limerudiwa mno hadi likageuka jibu la kila swali: wageni waliokaa Guangzhou na Hong Kong miaka nenda miaka rudi bila kuweza kuzungumza na jirani huhesabiwa kuwa walishindwa na sauti. Kumbukumbu za karne mbili na nusu zinaonyesha jambo jingine. Kikwazo kikubwa cha mgeni hakikuwa sikio lake. Kilikuwa ni nani aliyeruhusiwa kuketi naye, kumsahihisha na kumjibu. Kwanza sheria ilizuia, kisha tabaka likazuia, kisha sera za lugha zikaendeleza kazi hiyo, na vitabu vya wanaoanza vimebeba alama za vizuizi hivyo.

Tuanze na sheria. Mwaka 1757 mfalme Qianlong aliifungia biashara ya meli za Ulaya katika bandari moja tu, Guangzhou, ambayo Wazungu waliiita Canton. Wafanyabiashara wa kigeni waliruhusiwa kukaa katika ukanda mwembamba wa majengo kando ya mto, nje ya kuta za mji, kwa msimu wa biashara tu. Msimu ukiisha walirudi Macau au kwao. Mwaka 1759 James Flint, mfasiri wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki na mmoja wa Waingereza wachache mno wa siku zile walioweza Kichina, alisafiri kwa meli hadi Tianjin kupeleka malalamiko dhidi ya maofisa wa forodha wa Guangzhou. Alifungwa miaka mitatu Macau. Liu Yabian, Mchina aliyeshtakiwa kwa kumsaidia kuandika malalamiko hayo, aliuawa kwa amri ya dola. Gavana mkuu Li Shiyao akatunga kanuni za kuwabana wageni na kila Mchina aliyewakaribia, na kumfundisha mgeni lugha kukawa kosa la kuogopwa. Tupime uzito wa adhabu hizo mbili. Mgeni aliyejua lugha alipoteza miaka mitatu. Mwenyeji aliyemsaidia alipoteza uhai. Robert Morrison, mmisionari wa kwanza wa Kiprotestanti nchini China, alipofika Guangzhou mwaka 1807, hofu hiyo ilikuwa bado hai. Masimulizi ya wamisionari yanasema kwamba mmoja wa walimu wake alibeba sumu mwilini, ili akikamatwa afe kwa mkono wake mwenyewe. Katika mazingira kama hayo, kusema kwamba wageni hawakujifunza Kikantoni kwa sababu kina toni nyingi ni kuwasahau watu waliolipa.

Pingamizi la kwanza ni la mfanyabiashara, na lina nguvu. Mbona biashara ilistawi? Chai, hariri na vyombo vya kauri viliondoka Guangzhou kwa shehena kubwa kila mwaka, na mapatano mengi yalifanywa kwa pijini, yaani Kiingereza kilichopunguzwa na kupangwa kwa mtindo wa Kichina, chenye punje za Kireno ndani yake. William Hunter, Mmarekani aliyefika akiwa kijana mwaka 1825, aliandika baadaye juu ya vijitabu vya bei ndogo vilivyouzwa karibu na majengo ya wageni, ambamo maneno ya Kiingereza yaliandikwa kwa herufi za Kichina kulingana na matamshi ya Kikantoni. Karani wa duka, mpishi na mpagazi walijifunza humo. Kwa hiyo wanafunzi wa lugha walikuwapo Guangzhou, tena wengi, isipokuwa walikuwa Wakantoni. Walijifunza lugha ya mteja kwa masikio yaleyale ya kibinadamu, bila darasa, na hakuna aliyeona ajabu. Mwaka 1862 Tang Tingshu, aliyekuja kuwa wakala mashuhuri wa kampuni za kigeni, alitoa kitabu kikubwa cha kuwafundisha watu wa Guangdong Kiingereza. Pijini ilitosha kwa bei na mizani. Pale shauri lilipofika kwa ofisa, haikutosha kitu, kwa sababu maombi yalipaswa kupitia kwa wafanyabiashara wenye leseni na wakalimani walioteuliwa, ambao nao waliogopa kufikisha neno kali juu. Mgeni alikuwa na lugha ya kununulia chai, na hakuwa na lugha ya kuulizia kwa nini meli yake imezuiwa.

Morrison alifanya kazi iliyobadilisha hali hiyo, ingawa kwa mzunguko. Kamusi yake kubwa, iliyochapwa Macau kati ya 1815 na 1823 kwa fedha za Kampuni, ilielekea kwenye lugha ya maandishi na matamshi ya watumishi wa dola. Lugha ya mitaani ilingoja. Mwaka 1828 ndipo alipotoa msamiati wa lahaja ya Guangzhou, kitabu cha kumsaidia mgeni kusema na watu waliomzunguka, na hata hicho hakikuonyesha toni. Upungufu huo unatufundisha kitu. Mtu anayetarajia kujibiwa kwa sentensi ndefu hawezi kuacha toni nje ya kitabu. Anayetarajia kutaja kitu na kuletewa anaweza. Elijah Bridgman, mmisionari wa Kimarekani, alikwenda mbali zaidi mwaka 1841 kwa kitabu cha masomo ya Kikantoni chenye mamia ya kurasa, kikipanga lugha kwa mada: mwili, ukoo, mambo ya nyumbani, biashara, ujenzi, kilimo, mimea, tiba, serikali. Samuel Wells Williams, aliyefanya kazi naye, akatoa mwaka 1856 kamusi iliyoitangaza toni hadi kwenye jina lake. Ndani ya miaka 28 toni zilikuwa zimetoka pembeni na kuwekwa mlangoni. Sauti za Kikantoni hazikubadilika hivyo katika muda huo. Kilichobadilika ni sheria: mkataba wa Wangxia wa mwaka 1844, baina ya Marekani na China, ulisema katika kifungu cha 18 kwamba raia wa Marekani wataruhusiwa kuajiri wasomi wa China kuwafundisha lugha yoyote ya nchi hiyo na kununua vitabu vya kila namna. Kwamba jambo hilo lilihitaji kuandikwa katika mkataba wa mataifa ni ushahidi tosha wa mahali ugumu ulipokuwa.

Hata hivyo ruhusa ya kuwa na mwalimu haikuwa sawa na ruhusa ya kuzungumza, na hapa ndipo tabaka linapoingia. Ukivifungua vitabu vya karne ya 19 unakutana na bwana na mtumishi, mnunuzi na fundi cherehani, mwenye nyumba na mpishi. Leta, ondoa, ngoja, ghali mno, kesho mapema. Msomaji wa Kenya anayekijua Kisetla, Kiswahili cha mlowezi kilichojaa amri, atayatambua mazungumzo hayo mara moja. Sisemi waandishi wake walikuwa watu wabaya. Bridgman na Williams waliipenda lugha na waliitumikia kwa bidii ambayo wachache wanaweza kuifikia. Nasema kitabu cha anayeanza hufundisha uhusiano pamoja na msamiati. Mwanafunzi aliyefundishwa kuamuru hafikii mahali pa kusikia jibu, na Kikantoni ni lugha ambayo sehemu kubwa ya maana yake hukaa kwenye vijineno vya mwisho wa sentensi, vile vinavyoonyesha kwamba msemaji anauliza, anakumbusha, ana shaka, anabembeleza au anamkatalia mwenzake kwa upole. Vijineno hivyo havina kazi kubwa katika amri. Vinahitaji watu wawili wanaojaliana maoni. Ndiyo maana naona kitabu cha James Dyer Ball cha mwaka 1883 kuwa hatua ya heshima. Ball alizaliwa Guangzhou, akakua na lugha hiyo, na katika kitabu chake alivipa vijineno hivyo nafasi pana, akaweka kila sentensi na tafsiri mbili, moja ya neno kwa neno na nyingine ya maana, ili mwanafunzi aone jinsi Mkantoni anavyoijenga fikra yake.

Pingamizi la pili ni la msomi. Kwa nini tuwalaumu wageni kwa kukichelewesha Kikantoni, ilhali lugha ya serikali ya China ilikuwa nyingine? Aliyetaka kusema na mamlaka alifanya vyema kujifunza lugha ya watumishi wa dola, mzazi wa Kimandarini cha leo. Ni kweli, na jibu lake linaufanya mkasa kuwa mzito zaidi. Nasaba ya Qing, iliyoitawala China siku zile, ilikuwa na kanuni ya kutomruhusu ofisa kutumikia katika mkoa wake wa kuzaliwa. Hakimu wa wilaya mkoani Guangdong alikuwa mtu wa kutoka mbali, na mbele ya mwanakijiji alihitaji mkalimani kama Mwingereza alivyohitaji. Mwaka 1728 mfalme Yongzheng alikuwa tayari ameamuru watu wa Guangdong na Fujian wafundishwe matamshi ya lugha ya dola, kwa kuwa maofisa wa mikoa hiyo hawakueleweka walipozungumza mbele yake. Mzigo wa kujifunza uliwekwa kwa wenyeji, wala hakuna aliyemwamuru hakimu ajifunze Kikantoni. Mgeni wa Ulaya aliyeiacha lugha ya mtaani na kufuata lugha ya ofisi alikuwa akiiga desturi iliyomtangulia.

Hong Kong ilipaswa kuwa tofauti, kwa kuwa huko Uingereza ilitawala yenyewe tangu miaka ya 1840 mji uliojaa wasemaji wa Kikantoni. Badala yake ilitegemea masikio ya watu wachache. Maarufu kati yao alikuwa Daniel Caldwell, aliyekisema Kikantoni kwa ufasaha, akamwoa mwanamke wa Kichina, akawa mkalimani, mtu wa polisi, kisha mkuu wa idara ya kushughulikia Wachina. Alishtakiwa kwa uhusiano na mtu aliyeshirikiana na maharamia, na baada ya uchunguzi mrefu akaondolewa kazini mwaka 1862. Sihitaji kuamua hapa hatia yake ilikuwa kubwa kiasi gani. Linalonigusa ni kwamba serikali nzima haikuwa na njia ya kuhakiki maneno ya mkalimani wake. Mwaka huohuo gavana Hercules Robinson alianzisha mpango wa maofisa vijana ambao wangesoma Kichina kabla ya kupewa vyeo, na baadaye wengi wao walitumwa Guangzhou kukaa na lugha. Mmoja wa waliofuata njia hiyo, Cecil Clementi, alitafsiri nyimbo za mapenzi za Kikantoni na kuzichapisha mwaka 1904, kisha akarudi kuwa gavana mwaka 1925. Mtu anaweza kunigeuzia mfano huo: hawa walizungumza vizuri, na bado walitawala wasioulizwa. Nakubali kabisa. Kujua lugha hakumfanyi mtu kuwa mwadilifu. Ila mfano huo unathibitisha nusu ya hoja yangu isiyopingika: kijana wa Oxford, aliyepewa muda, mwalimu na mshahara, alizimudu toni hadi kufasiri nyimbo. Wenzake wa klabuni waliozaliwa na masikio kama yake hawakupewa sababu ya kujaribu, kwa kuwa mahakama, sheria na barua zote zilikuwa za Kiingereza.

Sababu hiyo ilikuja kwa kuchelewa. Kichina kilipata hadhi ya lugha rasmi Hong Kong mwaka 1974 tu, baada ya madai ya miaka mingi, na kinywani Kichina hicho kilikuwa Kikantoni. Vitabu vya Sidney Lau, aliyewafundisha watumishi wa serikali, ni vya miaka hiyohiyo, na kamusi yake ilitoka mwaka 1977. Mwaka 1993 chama cha wanaisimu cha Hong Kong kilitoa Jyutping, mfumo wa kuandika Kikantoni kwa herufi za Kilatini na tarakimu za toni kuanzia 1 hadi 6. Kabla yake karibu kila mwandishi alikuwa na tahajia yake, na mwanafunzi aliyebadili kitabu alilazimika kuanza upya kusoma kile alichokwisha kukijua kwa mdomo. Hapo kuna ugumu wa kweli, nao pia si wa sauti.

Bado mwenye pingamizi la toni anaweza kusimama. Na asimame, kisha awatazame watu wa Macau wenye asili mchanganyiko ya Kireno na Kichina, walioishi na Kikantoni nyumbani na sokoni kwa vizazi. Awatazame vijana wa asili ya Nepal, Pakistani na India waliokulia Hong Kong: wengi wanakizungumza bila shida, huku shule ikiwakwamisha kwenye maandishi, ambayo ni jambo tofauti na mazungumzo.

Kwa Waswahili suala hili limekaribia kuliko zamani. Wafanyabiashara wa Tanzania, Kenya na Kongo wanakwenda Guangzhou kununua bidhaa, na Taasisi za Confucius, ile ya Nairobi tangu 2005 na ya Dar es Salaam tangu 2013, zinawafundisha watu wetu Kimandarini. Kwa bei na mkataba hicho kinatosha, hasa kwa kuwa wauzaji wengi wa masoko yale wenyewe wametoka mikoa mingine. Wakati huohuo wenyeji wa Guangzhou waliingia mitaani mwaka 2010 kupinga pendekezo la kupunguza Kikantoni kwenye televisheni ya mji wao, na watoto wao husoma shuleni kwa Kimandarini. Mwanafunzi mpya wa Kikantoni katika mji uliokipa jina anaweza kuzungukwa na watu wanaomjibu kwa lugha nyingine kwa nia njema, kama anavyojibiwa kwa Kiingereza huko Hong Kong. Kwake saa moja kila juma na mzee wa mji aliye tayari kutobadili lugha ina thamani zaidi kuliko kitabu chochote nilichokitaja hapa, na saa hiyo ndiyo inayozidi kuwa adimu.