Kinanda, Mvukuto na Umeme

Neno "kinanda" limehama nyumba nyingi bila ya kubadili jina. Katika pwani ya zamani lilikuwa chombo cha nyuzi, ndugu wa gambusi, kilichoandamana na shairi. Baadaye likavikwa ogani ya kanisani, kisha piano, na hatimaye sintesaiza, chombo kinachoumba sauti kwa umeme mtupu.

Sintesaiza nayo ina nasaba ndefu. Mwaka 1897 Mmarekani Thaddeus Cahill alipewa hataza ya Telharmonium, mtambo uliosafirisha muziki kwa nyaya za simu. Mmoja wake ulikuwa na uzito wa tani 200 hivi. Mnamo 1920 Mrusi Leon Theremin alibuni chombo kinachopigwa bila ya kuguswa. Afrika haikukaa nje ya baraza. Mwaka 1944, jijini Cairo, Halim El-Dabh alinasa kwenye waya wa sumaku sauti za wanawake katika zar, ngoma ya kupunga pepo ambayo Mzanzibari ataitambua kwa jamaa zake, akaichuja na kuiongezea mwangwi hata ikawa muziki mpya. Pierre Schaeffer wa Paris alifuata mwaka 1948. Robert Moog akaleta sintesaiza yake mwaka 1964. Na mwaka 1983 ikatoka DX7 ya Yamaha.

Historia hiyo huandikwa kwa hataza na viwanda. Nyanda za juu za Ufipa zatufundisha kuisoma kwa pumzi. Wafipa walijenga malungu, tanuri za udongo za kimo cha mita 3 hivi, zilizojivutia hewa zenyewe. Kisha chuma kikasafishwa katika kintengwe, tanuri dogo lililopulizwa kwa mivukuto. Harmoniamu ya misheni nayo ni mvukuto: mguu ukikoma kukanyaga, wimbo unakatika. Sintesaiza haitaki mguu wala pumzi, bali umeme; na mji wa Sumbawanga kwa miaka mingi ulikuwa nje ya gridi ya taifa, ukiagiziwa umeme kutoka Zambia. Mahali kama hapo, kinanda kidogo cha betri, kama VL-1 ya Casio ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, si mchezo wa watoto. Ni mlango.

Lakini mlango huo una gharama zake. Jembe la kiwandani liliposhuka bei, malungu ya Ufipa yalizimika, na ujuzi wa kuyeyusha chuma ukafifia pamoja nayo. Pwani iliona mfano wake katika miaka ya 1990, pale taarab ya kisasa ilipokabidhi kibodi kazi ya fidla, kanuni na nai. Mpigaji mmoja akatosha mahali pa kumi, na vikundi vidogo vikapata sauti kubwa. Hata hivyo, kibodi ya kawaida ina sauti 12 tu katika oktava. Zile robo zilizomo katikati, ambamo maqamu hulia, hazina kitufe.

Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni kweli, maadamu yupo mhunzi aliyefundishwa. Ndiyo maana chuo cha muziki kilichofunguliwa Unguja mwaka 2002, kikafundisha udi na kanuni, kina uzito kuliko chombo chochote kipya. Koleo hununuliwa dukani, uhunzi hurithishwa.