Moshi wa samadi, kopo la mkaa

Ukitaka kujua ilikuwaje mama wa Shinyanga akapikia kinyesi cha ng'ombe, anza na mbung'o. Mwaka 1923 Mwingereza C.F.M. Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyamapori Tanganyika, alikusanya maelfu ya Wasukuma wafyeke na kuchoma pori ili mdudu huyo akose kivuli. Hatimaye Shinyanga ikawa makao ya utafiti wa mbung'o, na kazi ile ya mapanga na moto ikaendelea kwa miaka mingi. Ilifanikiwa, tena kupita kiasi. Mifugo ikaongezeka, watu wakahamia, pamba ikafuata, na miti iliyonusurika panga ikamalizwa na jembe. Miaka ya 1970 vikaja vijiji vya ujamaa. Kaya zilizokuwa zimetawanyika, kila moja na kichaka chake, zikasogezwa pamoja, na kuni za jirani zikaisha upesi.

Mwanamke aliyekosa kuni hakuacha kupika. Aliokota mabua ya pamba, akang'oa visiki na mizizi, na vilipoisha akageukia zizini. Samadi iliyokauka inawaka vizuri, ila moshi wake ni mzito na unawasha macho.

Hapo pana jambo ambalo wanahistoria wetu hulipita haraka. Moto wa samadi Usukumani ulikuwepo tangu zamani. Ni ule wa shikome, unaowashwa jioni uani karibu na zizi, wazee na vijana wa kiume wakiuzunguka kuota moto, kula na kusimuliana. Moshi wa shikome unapanda angani na kwenda zake. Samadi hiyohiyo ilipoingia kwenye kibanda cha kupikia kisicho na dirisha, ikawa kitu kingine. Wanaume wa uani walipata joto na hadithi, mwanamke wa kibandani akapata macho mekundu.

Na macho mekundu, kwa kikongwe wa Usukumani, yalikuwa hatari kuliko ugonjwa. Yalihesabiwa kuwa dalili ya uchawi. Mtoto akifa ghafla au ng'ombe wakidondoka, kidole kilimwelekea bibi aliyepikia moshi miaka hamsini. Wengi waliuawa kwa mapanga usiku, Shinyanga, Mwanza na upande wa Geita. Mwaka 1976 serikali iliendesha msako wa wauaji, na baadhi ya watuhumiwa wakafia mikononi mwa dola. Kashfa hiyo ndiyo iliyomfanya Ali Hassan Mwinyi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, ajiuzulu. Mauaji yenyewe hayakukoma, yakaendelea kwa miongo kadhaa. Tumezoea kuyaeleza kwa neno ushirikina, nami sikatai. Lakini faili la polisi halikuwa na nafasi ya kuandika bibi huyu alipikia nini.

Miti ilirudi kwa njia ambayo wataalamu hawakuitarajia. Mwalimu Nyerere aliizuru Shinyanga mwaka 1984 akashtushwa na ukame wake, na mwaka 1986 ukazaliwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wenye mradi walianza na vitalu vya miche. Wanakijiji walijua dawa nyingine: ngitili, eneo linalofungwa mvua zikianza ili nyasi na miti vipumue, kisha hufunguliwa kiangazi kwa ajili ya mifugo. Ni desturi ya Wasukuma ya tangu enzi, iliyovurugwa na kuhamahamishwa. HASHI ikawa na busara ya kuifuata. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, na mwaka 2002 mradi ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kwa mama wa nyumbani, tuzo ilikuwa kuokota kuni karibu na kwake.

Wakati huohuo, upande wa magharibi, dhahabu ilikuwa inawasha moto wake. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu kule Kahama mwaka 2001, na kuizunguka wakajaa wachimbaji wadogo wanaohama kila rashi ya dhahabu inapozuka. Mchimbaji hana ngitili. Miti anaitaka kwa matimba ya kushikilia duara, yaani shimo la kuchimbia, lisiporomoke, na chakula anakipata kwa mama lishe anayepikia mkaa. Mkaa huo unatoka misituni, unasafirishwa kwa baiskeli na pikipiki kwa magunia ya lumbesa. Jiko la mkaa pia hutumika kuchomea dhahabu iliyoshikwa na zebaki, wakati mwingine palepale nyumbani, na mvuke wake hauonekani kama moshi wa samadi.

Sasa ni zamu ya gesi. Mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, kutoka asilimia 6.9 ya mwaka 2021. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukipeleka wilayani mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku.

Tazama mtungi huo ukiwa kazini. Jiko limekaa juu kabisa, sufuria juu ya jiko. Chai inachemka vizuri tu. Lakini kusonga ugali wa watu tisa ni kazi ya mabega, na mtungi unayumba kila mwiko unapogeuka, ilhali mafiga hayayumbi. Makande na maharage yanakula gesi, kwa hiyo yanabaki kwenye mkaa. Halafu kuna kipimo. Mkaa unauzwa kwa gunia, kwa debe, hata kwa kopo la kupikia mlo mmoja, ilhali gesi ikiisha unatakiwa kuwa na hela ya mtungi mzima. Familia ya mchimbaji, ambayo leo duara limetema na kesho halina kitu, inaweza kuishi kwa kopo. Ndiyo maana nyumba nyingi zina vyote viwili, na ruzuku iliyoishia kwenye kununua mtungi haijagusa siku ya kuujaza.