Mbwa wa Zhaozhou

Mtawa mmoja wa Kichina alimwuliza mwalimu wake iwapo mbwa naye anayo asili ya Ubuda, yaani uwezo wa kuamka na kuuona ukweli. Mwalimu huyo, Zhaozhou Congshen wa zama za Tang, ambaye mapokeo yanasema alifariki mwaka 897 akiwa na umri wa miaka 120, alijibu kwa neno moja: wu. Maana yake ni "hana".

Jibu lilishangaza. Tangu Sutra ya Nirvana ilipofasiriwa kwa Kichina mwaka 421, wengi walikwisha kukubali kwamba kila kiumbe chenye uhai na hisi kinayo asili hiyo. Zhanran, mwanachuoni wa madhehebu ya Tiantai aliyefariki mwaka 782, alikwenda mbali zaidi akaingiza majani na mawe. Vipi basi mbwa anyimwe alichopewa sisimizi?

Mwanafunzi aliuliza hivyo hivyo, na kumbukumbu za Zhaozhou zimehifadhi maelezo yake: mbwa amefungwa na fahamu itokanayo na matendo yake ya kale. Mahali pengine mzee huyo huyo, akiulizwa swali lile lile, alijibu kwamba anayo. Na pengine alisema tu kuwa mlango wa kila nyumba unaelekea Chang'an, mji mkuu. Jibu ambalo mpenzi wa ushairi atalipenda kuliko yote.

Lakini mwaka 1228 Wumen Huikai alitunga mkusanyo wa mafumbo 48, akaliweka hili mbele, na kulikata: swali moja, wu moja, basi. Yeye mwenyewe alikuwa amelikalia neno hilo miaka sita. Mikononi mwake wu haikuwa tena ndiyo wala siyo, bali mzigo wa kubebwa usiku na mchana mpaka akili isalimu amri. Wengi walinufaika. Mbwa, hata hivyo, alisahauliwa.

Aliyemrudisha ni Dogen wa Japani, mwaka 1241, katika maandishi aliyoyajadili majibu yote mawili. Neno la Kichina lililotumika katika sutra hubeba maana ya "kuwa na" na pia ya "kuwa". Kwa Kiswahili tofauti ni herufi mbili tu. Dogen alizifuta. Kwake mbwa hamiliki asili ya Ubuda kama mtu amilikivyo mkufu: kule kuwa kwake, manyoya na mbweko, ndiko asili yenyewe.