Unga Mahakamani: Kutoka Bei ya Sokoni hadi Mizani

Kwa takriban miaka 20, mtu aliyekamatwa na heroini Tanzania Bara alijua atalala nyumbani au mahabusu kutokana na swali la kibiashara kabisa: mzigo huu una thamani gani? Sheria ya mwaka 1995 ilisema mzigo ukizidi Sh10 milioni, dhamana hakuna. Aliyetoa jibu ni Kamishna wa Tume ya Kuratibu Udhibiti wa Dawa za Kulevya, kwa hati yenye sahihi yake. Faini nazo zilifuata thamani hiyohiyo, zikiweza kufika mara tatu yake. Serikali ikajikuta inapanga bei ya bidhaa ambayo yenyewe imeipiga marufuku.

Udhibiti wenyewe una mizizi ya zamani, tena Ulaya. Mkataba wa Versailles wa 1919 unakumbukwa huku kwetu kwa kumvua Mjerumani makoloni yake. Wachache hufika hadi kifungu cha 295, ambacho kilisema nchi iliyouridhia mkataba huo itahesabiwa pia kuwa imeridhia Mkataba wa Kasumba (afyuni) uliotiwa saini The Hague mwaka 1912. Kwa hiyo karatasi iliyoifungulia Uingereza mlango wa Tanganyika ndiyo iliyobeba pia wajibu wa kuzuia kasumba. Waingereza wakatunga sheria ya dawa za hatari, na nyingine ya kuzuia kilimo cha mimea yenye madhara, ambayo kwa vitendo ilimlenga mkulima wa bangi. Baada ya Uhuru sheria hizo ziliachwa zifanye kazi. Hakukuwa na haraka ya kuzibadilisha, kwa kuwa mashauri mengi yalikuwa ya misokoto na mashina ya bangi shambani.

Kilichobadilisha hali ni biashara iliyopitia bahari na viwanja vya ndege: mandraksi kwenda Afrika Kusini, kisha heroini kutoka Asia. Mwaka 1988 Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba mjini Vienna ukizitaka nchi ziadhibu usafirishaji, zitaifishe mali za wauzaji na zifuatilie kemikali za kutengenezea dawa hizo. Kenya ikatunga sheria yake 1994. Tanzania ikafuata 1995, mwaka wa mwisho wa Rais Ali Hassan Mwinyi madarakani.

Sheria ile ilikuwa kali kwa maneno. Udhaifu wake ulikuwa kwenye jina la chombo kilichoundwa: Tume ilikuwa ya kuratibu. Iliitisha vikao, ikatoa elimu, ikaandika taarifa, lakini haikuwa na mamlaka ya kumkamata mtu wala kupekua nyumba. Kazi hiyo ilibaki kwa polisi. Wakati huohuo vijana wa Kinondoni, Temeke na Unguja walikuwa wameshahama kutoka kuvuta unga, yaani heroini, hadi kujidunga, na punda, yaani wabebaji waliomeza dawa zilizofungwa kama pipi, walikuwa wakinaswa kwenye viwanja vya ndege vya mbali.

Bunge liliifuta sheria hiyo kwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Namba 5 ya 2015, iliyoanza kutumika Septemba 15 mwaka huo. Tume ikawa Mamlaka, yenye nguvu ya kukamata, kupekua, kushikilia mali na kuchunguza. Hata hivyo, Kamishna Jenerali wa kwanza, Rogers Sianga, aliteuliwa Februari 2017, na katika mwezi huohuo jiji la Dar es Salaam lilikuwa limetekwa na orodha za majina alizosoma hadharani aliyekuwa Mkuu wa Mkoa, Paul Makonda: wasanii, wafanyabiashara, wanasiasa. Kwa maoni yangu, kelele zile ziliufunika mchango mkubwa zaidi wa mwaka ule, yaani marekebisho yaliyoifanya mizani ipange urefu wa kifungo. Heroini au kokeini ikizidi gramu 200, kifungo cha maisha. Isipozidi, miaka 30. Bangi na mirungi zikawekewa mpaka wa kilo 50.

Mizani ina unafuu wake, kwani gramu haibadiliki kati ya Manzese na Amsterdam. Ila gramu 200 ni kifurushi kinachoingia mfuko wa suruali. Desemba 2023 Mamlaka ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa. Mbele ya kifungu kile, mwenye tani tatu na mwenye robo kilo wanasimama mstari mmoja. Kesi nazo sasa hupiganiwa kwenye bahasha ya kielelezo: nani aliifunga, lakiri ya nani, nani aliipokea kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, sahihi i wapi. Rufaa kadhaa zimeshinda kwa pengo moja tu katika mfululizo huo.

Hospitali ilitangulia sheria. Februari 2011, Muhimbili ilianza kuwapa waraibu wa heroini dawa ya methadoni, miaka minne kabla ya sheria mpya. Mraibu hufika kila siku, hutajwa jina dirishani, hupewa kikombe chenye dawa ya maji na kuimeza mbele ya mtoa huduma, ndipo arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa za kulevya, inapomwachia aende kutafuta riziki. Wengi wao sheria iliwajua kwanza kama washtakiwa.

Zanzibar ina njia yake, kwa kuwa jambo hili si la Muungano: sheria ya 2009, kisha ya 2021 iliyoipa Mamlaka ya visiwani meno.

Mahali ambapo sheria ya Bara inabanwa zaidi ni milimani Same, Kilimanjaro, ambako mirungi hulimwa. Upande wa pili wa mpaka, Meru nchini Kenya, mmea uleule ni miraa, zao la biashara linalotambuliwa na serikali, lenye madalali na magari yanayokimbizana na muda kabla majani hayajanyauka. Mkulima wa Kenya alilia mwaka 2014 Uingereza ilipolifunga soko lake. Mkulima wa Same hukimbia anaposikia magari ya operesheni yanapanda mlima, na shina linang'olewa.