Ifahamu Limfoma ya Burkitt, Saratani ya Taya kwa Watoto

Limfoma ya Burkitt ni saratani ya chembe nyeupe za damu inayowapata zaidi watoto wa Afrika Mashariki na ya Kati, hususan wenye umri wa kati ya miaka minne na kumi. Mara nyingi huanzia katika taya au tumbo, na chembe zake huweza kuongezeka maradufu ndani ya saa 24 hadi 48.

Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali iwapo wagonjwa wa aina hiyo walionekana. Ramani waliyopata ilikaribiana na ya malaria. Nyanda za juu zenye baridi hazikuwa na wagonjwa. Mwaka 1964, vipande vya uvimbe vilivyopelekwa London kwa ndege viliwawezesha Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr kugundua kirusi cha Epstein-Barr. Kirusi hicho huwaingia watoto karibu wote bila madhara. Malaria ya mara kwa mara hudhoofisha kinga inayokidhibiti.

Hivyo, mwinuko wa Kasulu na Kibondo usiwape wazazi faraja ya bure. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulibaini vimelea vya malaria kwa asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Kigoma, kiwango kikubwa kuliko mkoa mwingine wowote nchini.

Dalili ya kwanza huwa jino kulegea au shavu kuvimba, tena pengine bila maumivu. Hapo ndipo siku za thamani hupotea: jino hung'olewa, uvimbe ukabaki na kukua. Mtoto mwenye uvimbe wa taya au tumbo unaokua kwa siku chache apelekwe kituo cha afya, apewe rufaa na kuchukuliwa kipande cha nyama kwa uchunguzi. Matibabu ya saratani kwa watoto hutolewa Bugando, Mwanza, na Muhimbili, Dar es Salaam. Tibakemikali huponya watoto wengi wanaowahi. Hutolewa kwa awamu, na uvimbe kunywea baada ya awamu ya kwanza si ruhusa ya kurudi nyumbani.